Siku Mama Alipoelea

Dindira, Korogwe
15 Juni 1997

Mwanangu Mathias,

Pokea salamu za mama yako kutoka huku kwenye ukungu. Mimi sijambo, ila baridi ya mwezi huu imeingia magotini na haitaki kutoka. Je, wewe hujambo? Mkamwana wangu Ritha hajambo? Na huyo mume wangu Yordani, ameshaacha kunyonya au bado ananiletea aibu kwa wanawake wenzangu? Mwambie mke wake mkubwa anamngoja.

Habari za hapa ni kwamba shamba la chai limepata mwekezaji, na mwekezaji amekuta wachumaji ni wengi. Nusu yetu tumeambiwa tupumzike. Mikono iliyokusomesha wewe leo inaambiwa ni mizito. Nilikasirika kama wiki hivi, kisha nikapata kazi nyingine, na hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Wamekuja Wazungu wawili, mwanamke anaitwa Heike na mwanamume ambaye jina lake silimudu. Wamepiga mahema pale kwenye jabali linalotazama tambarare, mimi nawapikia. Mwanangu, hawa watu wana kitambaa kikubwa kama paa la kanisa, cha manjano na bluu, kina kamba nyembamba nyingi. Wanakitandaza kwenye majani, wanajifunga mikanda, wanangoja upepo, halafu wanakimbia kuelekea genge. Siku ya kwanza nilifunika macho na kuanza kumlilia mama wa watu ambaye sikumjua hata jina. Nilipofungua macho wako juu yangu, wamekaa kama watu waliokaa kwenye kiti, wanapunga mkono.

Habakuki, mtendaji wetu, alikuja kuandika habari zao kwenye daftari la wageni. Kwenye nafasi ya kazi akakwama. Watu wakamwambia aandike kuruka. Nikasema kuruka ni kwa panzi, anapanda kidogo na kurudi. Mwingine akasema kupaa. Nikasema aliyepaa tunamjua na hakuhitaji mikanda. Mwalimu akasema ni parachuti, lakini akaeleza mwenyewe kwamba wanajeshi wa parachuti hutupwa kutoka kwenye ndege na kazi yao ni kushuka. Hawa hawashuki tu, wakitaka wanapanda juu kuliko walipoanzia, wanazunguka hapo kimya kama mwewe asiyepiga mbawa. Nikamwambia Habakuki aandike kuelea, naye akaandika: wageni wawili, kazi yao kuelea. Tangu hapo kijiji kizima kinatumia neno hilo, na Heike naye amelidaka. Jana aliniambia, “Mama, chai yangu inaelea sukari.” Tulicheka mpaka mafiga yakapoa.

Sasa usishtuke. Heike ana mikanda ya watu wawili. Ameniuliza kama nataka kuelea naye, nami nimekubali.

Mama yako,
Shida


Handeni
28 Juni 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, jua ni kali na maji ni ya kununua, lakini tunashukuru. Ritha anakuamkia. Yordani ameacha kunyonya na sasa anatembea akishika meza yangu ya mitumba pale sokoni, anaangusha mashati ya wateja.

Mama, barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Nilimpa Ritha asome, yeye akacheka, akasema angekuwa karibu angekimbia na wewe. Mimi sikucheka. Nimeshtuka kweli, na naandika hivyo hivyo nilivyo.

Mama, wewe ni mtu wa kuja hapo Dindira. Baba yako alikuja kukata mkonge, akazikwa kambini, na wewe ukapandishwa mlimani na ndoa. Tangu baba afariki umebaki peke yako katikati ya ukoo wake. Baba mdogo Fransisko alipofiwa na watoto wawili mwaka ule wa surua, unajua aliyatazama macho yako namna gani pale kaburini. Sasa unataka mtu huyo akuone hewani?

Hapa Handeni naishi na watu wanaolijua jambo hili kuliko mtu yeyote nchini. Wakisikia mwanamke mzee ameonekana juu ya nyumba za watu, hawaulizi kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Unaweza kumwandikisha Habakuki neno lolote zuri, wao wanajua chombo kimoja tu kinachombeba mtu hewani, nacho ni ungo. Hata mimi nakumbuka Yordani alivyopata homa ile Pasaka, siku uliyoondoka hapa. Sikusema kitu kwa sababu watoto hupata homa. Lakini wengine walisema.

Nakuomba kama mwanao, umkatalie huyo mama wa Kizungu. Mwambie una kizunguzungu. Mwambie umri umepita. Upike chakula, chakula hakina maneno.

Mwanao,
Mathias


Dindira, Korogwe
20 Julai 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi mnaamka salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio nitakueleza.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshaelea. Nisikufiche, hata ingefika mapema ningekwenda. Nilivaa gauni la kanisani na suruali ya marehemu baba yako kwa ndani, ili watu wasione ya kuona. Kijiji kizima kilikuja, watoto wakapanda juu ya miti. Heike akanifunga mbele yake, akaniambia nikimbie na nisikae mpaka aseme. Nikakimbia, mwanangu, na magoti haya haya. Nikaendelea kukimbia hata baada ya ardhi kuniacha, miguu inapiga hewa, wanawake huku nyuma wakapiga vigelegele.

Niliona bati la nyumba yetu. Niliona kaburi la baba yako, na migomba aliyopanda imelizunguka vizuri kuliko nilivyodhani. Niliona mashamba ya chai yote niliyoyachuma, yakawa kitu kidogo cha kijani ambacho ningeweza kukifunika kwa kanga. Nililia, na Heike akadhani naogopa. Sikuwa naogopa. Nilikuwa nafurahi, na furaha kubwa hivyo sikuwahi kuipata tangu nikuzae. Tukatua chini karibu na mto, nikapandishwa mlimani kwa gari lao kama mke wa mkuu wa wilaya.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa sikiliza mengine.

Siku chache baadaye mjukuu wa Fransisko, yule wa kiume anayeanza kusema, alishikwa na homa. Walimpeleka zahanati, dawa hakuna. Akafariki. Nilikwenda msibani kama kawaida yetu, nikaingia jikoni, nikashika mwiko nisonge ugali wa waombolezaji. Mama Paulina, ambaye tumechuma naye chai kikapu kwa kikapu, akanitoa mwiko mkononi. Akaniondolea tu ule mwiko na kunipa mgongo. Nikasimama pale na mikono mitupu, nisijue niende wapi.

Nilipotoka nje, Fransisko akasimama mbele ya wanaume na kusema kwa sauti, nami nasikia, “Alipanda juu kuchagua nyumba.”

Mathias, hakuna mtu aliyemkataza. Habakuki alikuwepo, akatazama viatu vyake.

Sijaitwa mchawi bado, neno lenyewe halijatamkwa. Watu wanangoja waone nani yuko upande wangu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke. Njoo. Kaa na mimi siku chache, tembea na mimi njiani, kaa barazani kwa Fransisko unywe kahawa yake. Wakiona mwanangu wa kiume anakula chakula changu bila wasiwasi, yataisha.

Mama yako anayekungoja,
Shida


Handeni
6 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba na kwa maneno. Sisi hatujambo. Nimesoma barua yako usingizi ukaniruka, na naapa sijapata kushtuka namna hii.

Mama, kuja kwangu mwezi huu ni vigumu. Marobota mapya ya mitumba yamefika, na siku hizi za biashara huria ukiacha meza siku mbili unamkuta mwenzako amekaa juu yake. Lakini sijakutupa. Nimefanya jambo kubwa kuliko kuja.

Anayekuletea barua hii ni mzee Mwinjuma. Jina lake hapa Handeni ni kubwa, watu wanatoka mpaka Dar es Salaam kumfuata. Nimemweleza yote. Atakusafisha wewe na nyumba mbele ya kijiji kizima, kila mtu aone kwa macho yake, na baada ya hapo hakuna atakayekuwa na la kusema. Fransisko mwenyewe atanyamaza, maana huko kwenu jina la mganga wa Handeni wanaliogopa. Atakachokuambia ufanye, fanya. Usibishane naye, Mama, nakujua.

Ritha amenikasirikia kwa jambo hili. Anasema ningekuja mwenyewe. Yeye alitaka kuja na Yordani wakae na wewe, lakini nimemwambia mtoto angoje kwanza mpaka nyumba isafishwe.

Nijibu haraka.

Mwanao akupendaye,
Mathias


Handeni
31 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Uko wapi?

Sisi wazima. Mzee Mwinjuma amerudi na mbuzi wa ada yake, anasema kazi ilikwenda vizuri na kijiji kilishukuru. Nilifurahi, nikangoja barua yako. Haikuja. Jana stendi nimekutana na dereva wa basi la Korogwe, anapiga hadithi kwa abiria, watu wamemzunguka. Anasema huko Dindira mwanamke mchawi, aliyenyolewa kichwa, ameruka mchana kweupe na furushi lake mgongoni, watu wote wakimwona, na hakuonekana tena. Abiria wanacheka, wengine wanajishika vifua. Mimi nilikuwa na nguo za watu mkononi, sijui niliziweka wapi.

Nimemwandikia Habakuki, hajajibu. Barua hii nampa kondakta, nimemwambia aulize kwa wenye mabasi njia nzima ya Korogwe mpaka Mombo kama kuna mtu amemwona mama mmoja mrefu, jina lake Shida.

Ritha hasemi na mimi. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Mama, kama uko hai andika hata mstari mmoja.

Mathias


Mkumbara
25 Septemba 1997

Mwanangu Mathias,

Marahaba. Niko hai, nina afya, na hapa nilipo hakuna baridi, magoti yamepona. Barua yako imenifikia kwa mkono wa utingo wa basi la Moshi, alipomsikia mtu akiniita jina. Mnisamehe wewe na Ritha kwa kuchelewa. Sikuchelewa kwa kukosa karatasi. Kila nikianza, niliikunja karatasi na kuwashia moto wa chai.

Nitakueleza kilichotokea, maana Mwinjuma hakukueleza.

Alifika, akalala kwangu, nikampikia. Asubuhi akapiga mbiu, watu wakajaa uwanja wa shule. Akaniweka kwenye kigoda katikati, akaninyoa kichwa chote kwa wembe, kavu, bila maji. Akanipa cha kunywa, nikatapika mbele ya watoto ninaowajua kwa majina. Nilivumilia. Nilijiambia mwanangu amesema nisibishane. Kisha akaenda nyumbani kwangu na vijana, akarudi uwanjani na kitu alichosema amekikokota kutoka uvunguni mwa kitanda changu, kibuyu kidogo chenye shanga ambacho sijapata kukiona maishani, akakiinua juu na kuwaambia watu, “Alikuwa nao. Nimeutoa.”

Unasikia, Mathias? Hakusema sina. Alisema nilikuwa nao.

Fransisko akamuuliza nani amemtuma. Akajibu, “Mwanawe wa kumzaa, kutoka Handeni, na amenilipa vizuri.”

Mpaka siku ile Fransisko alikuwa peke yake na maneno yake. Kuna waliomwamini, kuna waliomwona ni mzee mwenye uchungu wa wafu wake. Lakini mwanangu ndiye anayenijua tangu tumboni, na mwanangu ameleta mganga. Nani tena alihitaji ushahidi? Nilimtazama Mama Paulina, akavuta mtoto wake nyuma ya kanga.

Siku zilizofuata hakuna aliyenisalimia. Kuku wangu waliuawa. Habakuki alikuja jioni kupitia nyuma ya migomba, akaniambia vijana wameapa kuichoma nyumba nami ndani, na kwamba yeye ni mmoja na wao ni wengi. Akanishauri niondoke. Nikamuuliza kwa njia ipi. Wewe unaijua, ni moja tu, na inapita mlangoni kwa Fransisko. Walikuwa wamekaa pale na mapanga tangu asubuhi.

Nikaenda kwa Heike nikamweleza. Kiswahili chake ni kile kile cha chai inayoelea, lakini kichwa changu kisicho na nywele alikielewa. Hakuuliza maswali. Alfajiri akatandaza kitambaa. Nilichukua picha ya baba yako, Biblia, sufuria moja na nguo, nikafunga furushi. Upepo ulichelewa, mwanangu. Tulisimama tumefungwa mikanda, jua linapanda, na watu wakaanza kutuona na kuja mbio. Niliwasikia sauti kabla sijawaona. Kisha Heike akasema kimbia.

Tuliwapita juu ya vichwa. Niliwaona wote, Fransisko na vijana wake, wamekunja shingo. Kijana mmoja niliyemfunga kamba za viatu akiwa mdogo alikuwa na panga mkononi. Hakuna aliyerusha hata jiwe, walishangaa tu, nami niliwashangaa wao. Safari ile sikulia na sikufurahi. Nilitazama mbele tu. Nikamwambia Heike sitaki kutua pale karibu na mto, anipeleke mbali, naye akautafuta upepo kando ya mlima, akazunguka na kupanda, akazunguka na kupanda, mpaka Dindira ikaisha nyuma yetu.

Tuliangukia malishoni kwa mzee mmoja Mmasai, Lesiamon, huku chini kando ya barabara kuu. Ng'ombe wake walitawanyika, tukajua sasa tunapigwa. Mkewe, Naeku, akaja akakitazama kitambaa, akanitazama kichwa. Kwao mwanamke kunyoa kichwa si jambo la aibu, naye mwenyewe kanyoa. Akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza. Nikasema wapo. Akanipa maziwa kwenye kibuyu na kuwaita wanawe wasimame karibu. Baada ya kunywa ndipo akauliza nilichokuwa nafanya kule juu kinaitwaje. Nikamwambia kuelea. Akalirudia mara mbili, akasema ni kazi nzuri lakini nisiifanye tena juu ya ng'ombe.

Heike amekwenda zake Moshi. Mimi nauza chai na mihogo ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi, nalala kwenye kibanda ambacho Naeku amenisaidia kukandika. Usiniandikie nije Handeni. Huko kuna Mwinjuma.

Nina hasira na wewe, mwanangu. Nasema wazi kwa sababu sitaki uisome katikati ya mistari. Lakini hasira naijua, itapoa. Kuna kitu kingine hakipoi. Uliandika kwamba mtoto angoje mpaka nyumba isafishwe. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Uliandika na habari ya ile homa ya Pasaka.

Kwa hiyo nakuuliza, na nataka unijibu kwa mkono wako mwenyewe. Ulipomtuma yule mzee, ulikuwa unawaogopa watu wa Dindira, au ulikuwa unaniogopa mimi?

Mama yako,
Shida


Mkumbara
14 Desemba 1997

Mwanangu Mathias,

Natumaini u mzima na mvua hizi hazijaondoka na meza yako. Huku zimenyesha mpaka watu wamesahau jua, barabara imekatika mara mbili, na mimi nauza chai mpaka vikombe vinaniishia.

Nilingoja jibu lako mwezi mzima wa kumi. Mwezi wa kumi na moja nikasema ni mvua, barua zimelala Korogwe. Kila basi lilisimama nikamtazama utingo usoni. Wamenizoea, wanatikisa kichwa kabla sijauliza.

Jana amekuja Ritha. Amepanda gari mpaka lilipokwama, akatembea kwenye tope, akapanda jingine. Amefika ameloa, mgongoni kambeba Yordani. Nilipiga yowe mpaka Naeku akaja mbio na fimbo.

Nilimuuliza kama ameleta barua. Akasema hapana. Nikamuuliza kama unajua amekuja. Akafuta matope ya mtoto, kisha akasema, “Amenikataza nisikuletee mtoto, Mama. Nimemleta.”

Basi, mwanangu, swali langu usihangaike nalo tena.

Leo asubuhi mtoto amekula mihogo miwili na kumwaga chai ya mteja. Amenisahau tangu Pasaka, ameniogopa kidogo, akajificha nyuma ya mama yake. Saa hizi ninavyoandika amenisogelea mwenyewe na kulala mapajani mwangu. Anapumua vizuri. Nimegusa paji lake la uso mara nyingi leo, Mathias, kuona kama lina joto, na kila nikiligusa namshukuru Mungu, halafu naona aibu kwamba nimeligusa.

Mimi mama yako,
Shida